Kasha Lilisema 120: Haki ya Mnunuzi Runinga Inapokuwa Pungufu ya Tangazo Lake

Mnunuzi anarudi dukani na malalamiko: "Picha yake si nzuri." Muuzaji anamjibu kwa swali: "Inawaka?" Inawaka. "Sauti inatoka?" Inatoka. Mazungumzo yameishia hapo, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba sheria haina la kumsaidia. Kumbe sheria ipo, tena ya zamani. Ila yeye ameingilia mlango usio wake. Amelalamikia uzuri wa picha, jambo ambalo kila mtu ana macho yake. Angesema, "Kasha limeandikwa hezi 120, nami nimepewa kioo cha hezi 60," swali la kama runinga inawaka lisingekuwa na kazi tena, maana hezi ni kasi ya kioo kubadilisha picha, nayo hupimika.

Mabishano haya huwa mazito kwa sababu vitu viwili vigumu vimefungwa furushi moja. Kuna sheria ya mauziano, yenye lugha yake. Halafu kuna vipimo vya kiufundi, ambavyo idara za matangazo zimevipinda miaka mingi hadi namba moja ikawa na maana mbili. Tuanze na sheria, maana ndiyo nyepesi.

Ulichoambiwa ni sehemu ya ulichonunua

Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893, na ndani yake mna kanuni fupi: kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Sheria ile ilisafiri na dola. India ilitunga yake mwaka 1930 kwa mfano huohuo, na Kenya na Tanzania zina sheria za ukoo mmoja nayo. Umoja wa Ulaya ulifika palepale kwa njia nyingine, kwanza kwa agizo la mwaka 1999 na sasa kwa agizo namba 2019/771: matarajio halali ya mnunuzi hupimwa pia kwa kauli zilizotolewa hadharani, hasa katika matangazo na kwenye lebo, ziwe za muuzaji au za mtengenezaji.

Neno hilo la mwisho lina uzito. Muuzaji akisema, "Hayo ni maneno ya kampuni, si yangu," chini ya agizo la Ulaya hajajinasua. Ili ajinasue athibitishe kwamba hakuijua kauli ile wala hakutarajiwa kuijua, au ilikuwa imekwisha kusahihishwa kabla ya mauzo, au haikuweza kuathiri uamuzi wa kununua. Mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Kulingana na maelezo ni haki moja, na watu huichanganya na nyingine mbili. Ya pili ni ubora: kifaa kiwe kizima na kidumu muda wa kuridhisha. Ya tatu ni kufaa kwa kusudi: ulimwambia muuzaji unataka runinga ya kuchezea michezo ya video katika 4K (picha yenye nukta milioni nane na ushee) kwa fremu 120 kwa sekunde, akakuonyesha moja akasema hii inafaa, ukamwamini. Hizi tatu hazitegemeani. Runinga ya hezi 60 yaweza kuwa imeundwa vizuri, ikadumu miaka kumi, na bado ikawa imeuzwa kinyume cha sheria kwa sababu iliitwa ya hezi 120. Nyingine yaweza kutimiza kila namba ya kasha, taa zake za nyuma zikafa mwezi wa nane. Ukiandika malalamiko, jua uko katika ipi, maana ushahidi wa moja haufai kwa nyingine.

Si kila sifa ya tangazo ni ahadi, hata hivyo. "Rangi za kustaajabisha", "uhai usio na kifani", "kama uko uwanjani": hizo ni mbwembwe za biashara, na mahakama hazimtarajii mtu mzima kuzishika kama mkataba. Mpaka kati ya mbwembwe na ahadi ulichorwa katika kesi maarufu ya London iliyoamuliwa Desemba 1892. Kampuni iliyokuwa ikiuza kifaa cha kuvuta moshi puani ili kukinga mafua ilitangaza kwamba atakayekitumia kama ilivyoelekezwa kisha akapata mafua makali atalipwa pauni 100, ikaongeza kuwa imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haifanyi mzaha. Louisa Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba lilikuwa tangazo tu. Ilishindwa, maana tangazo lenye kiasi, sharti na uthibitisho si mbwembwe tena. Kwa runinga natumia kipimo kifupi: kama rula, saa au kifaa cha kupimia vinaweza kumaliza ubishi, hayo ni maelezo ya bidhaa.

Namba zenye maana mbili

Hapa ndipo kesi nyingi huzama, basi tukae kidogo.

Hezi ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde moja. Vioo vingi vya runinga ni vya 50 au 60, na vya daraja la juu huanzia 100 au 120. Lakini kasha laweza kuandika 240 au hata zaidi bila kioo kubadilika. Kinachohesabiwa ni mchanganyiko: kasi ya kioo yenyewe, ujanja wa kuuzima na kuuwasha mwanga wa nyuma, na programu inayobuni fremu za katikati ili mpira usiache mkia. Namba hiyo hupewa jina la kifahari lenye neno "mwendo" au "kasi" ndani yake. Huko California wanunuzi walishitaki kwamba runinga zilitangazwa kwa hezi "tendaji" 120 na 240 ilhali kioo hakifiki huko. Kesi ikamalizwa kwa maridhiano ya dola milioni 3, bila mahakama kuamua nani alikuwa na haki. Ukikutana na namba ya namna hii, tafuta neno linalotangulia hezi. "Kioo cha hezi 120" ni ahadi iliyo wazi. "Kasi ya mwendo 120" ni mlango wa kutokea ambao kampuni imejijengea, ingawa bado unaweza kuuliza kama mnunuzi wa kawaida angepotoshwa nayo, na sheria dhidi ya matangazo ya kupotosha huuliza hilohilo.

Herufi HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, zina udanganyifu wa kistaarabu zaidi. Kuna runinga inayoonyesha HDR, na kuna inayoipokea tu. Hiyo ya pili inaielewa ishara inayoingia, inawasha kialama chake pembeni mwa skrini, kisha inaibana picha iingie katika uwezo wake mdogo. Filamu nyingi za HDR huandaliwa kwa mng'ao wa kilele wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mng'ao). Kioo cha daraja la chini hukomea karibu na 300. Matokeo yaweza kuwa picha yenye giza kuliko ya kawaida, mwenye runinga akadhani imeharibika. Januari 2016 muungano wa watengenezaji na studio za filamu, UHD Alliance, ulitoa nembo ya Ultra HD Premium yenye masharti ya namba: ama niti 1,000 au zaidi na weusi usiozidi niti 0.05, ama niti 540 au zaidi na weusi usiozidi 0.0005, fungu la pili likiwafaa wenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe. Kasha lenye nembo ile limeahidi kitu kinachopimika. Kasha lenye "HDR" peke yake limeahidi kuipokea ishara, na kwa kweli ni vigumu kushinda kwa herufi hizo tatu tu. Kama ukurasa wa mauzo ulitaja niti, shikilia niti, achana na HDR.

Kisha kuna HDMI 2.1, toleo la kiwango cha tundu na kebo ya kupitishia picha na sauti, ambayo mimi naiona kuwa kituko kikubwa kuliko vyote, kwa sababu hapa mkanganyiko umehalalishwa na wenye kiwango. Toleo hilo lilipotangazwa mwaka 2017 lilileta uwezo wa kupitisha data hadi gigabiti 48 kwa sekunde, dhidi ya 18 za HDMI 2.0, pamoja na picha ya 4K kwa hezi 120. Mwishoni mwa 2021 ikabainika kwamba wasimamizi wa kiwango walikwisha kulimeza toleo la 2.0 ndani ya 2.1, na kwamba sifa mpya zote ni za hiari. Kwa hiyo tundu lenye uwezo wa zamani laweza kuitwa 2.1 bila kuvunja kanuni, mradi mtengenezaji ataje ni sifa zipi hasa linazozimudu. Orodha hiyo ya sifa ndiyo unayopaswa kuitafuta na kuihifadhi. Kwa mnunuzi aliyekwisha kudanganyika, dai lililo imara si la "tundu si 2.1 halisi". Ni la kusudi: alisema anataka 4K kwa hezi 120, akaambiwa inafaa.

Hata 4K, namba inayoonekana kuwa safi, ina mwanya. Pikseli, yaani nukta za picha, 3,840 kwa 2,160 ni jumla ya 8,294,400, na kila moja kwa kawaida ina vijisehemu vitatu: chekundu, kijani na buluu. Baadhi ya vioo vya LCD, yaani vinavyotegemea mwanga wa nyuma, vya bei nafuu viliingiza kijisehemu cheupe na kupunguza vile vya rangi, hivyo hesabu ya pikseli ikatimia huku maandishi madogo ya rangi yakikosa ukali. Kesi ya kioo kama hicho inahitaji mtaalamu wa kupima. Kwa mtu mmoja mwenye runinga moja, gharama inaweza kuishinda faida.

Ukubwa hauna ubishi mrefu: inchi hupimwa mshazari, pembe hadi pembe ya sehemu inayoonyesha picha, na runinga ya "daraja la inchi 55" huenda ikawa 54 na nusu. Neno LED nalo lilizua kelele zamani. Mwaka 2009 wasimamizi wa matangazo Uingereza waliona kuwa tangazo la "runinga ya LED" linapotosha, kwa kuwa kioo kilikuwa LCD ileile na LED zilikuwa taa za nyuma yake tu. Leo kila mtu anasema hivyo na vita hivyo vimekwisha. Mrithi wake ni QLED, ambayo kwa herufi inafanana na OLED, ilhali nyuma ya picha ni LCD yenye mwanga wa nyuma.

Kuhusu pikseli zilizokufa, mnunuzi anaambiwa kuna kiwango cha kimataifa kinachoziruhusu, na si uongo. ISO 13406-2 ya mwaka 2001 iliweka madaraja, na daraja la pili liliruhusu pikseli mbili zinazowaka daima na mbili zisizowaka kabisa kwa kila milioni. Zidisha kwa kioo cha 4K, upate kama 16 za kila aina. Kiwango hicho kimekwisha kupitwa na ISO 9241-307, lakini mantiki ya madaraja imebaki. Ila kiwango cha ISO ni cha hiari, hakikuwa sehemu ya maongezi yenu dukani, na hakimnyang'anyi mnunuzi haki ya ubora aliyopewa na sheria. Nukta nyeupe katikati ya skrini haigeuki kuwa nzuri kwa sababu kamati imeihesabu.

Wapo wanaotafuta ushahidi kwa vipimo vya wakaguzi wa mtandaoni, nao wajue kwamba vipimo hivyo vimewahi kuchezewa. Mwaka 2022 wakaguzi walionyesha kuwa baadhi ya runinga zilikuwa zinautambua mraba mweupe wa kupimia, ule unaochukua asilimia 10 ya skrini, zikabadilisha tabia mraba ukiwepo. Mraba ukipunguzwa kidogo tu, majibu yanakuwa mengine. Ni kama mwanafunzi anayekaa kimya mwalimu akiwa mlangoni. Umeme nao vivyo hivyo: mwaka 2016 shirika la mazingira la Marekani, NRDC, lilieleza jinsi runinga kadhaa zilivyozima kimyakimya mbinu zao za kuokoa umeme mara mtumiaji anapobadilisha mtindo wa picha. Lebo ya Ulaya ya A hadi G, iliyopangwa upya tarehe 1 Machi 2021, sasa huonyesha matumizi ya picha ya kawaida kando na ya HDR, na tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi inashtua.

Kabla hujalalamika, jishuku mwenyewe

Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa katika hali ya kuokoa umeme, mng'ao umefinywa. Nyingi pia zina mpangilio wa kila tundu la HDMI unaoruhusu ishara kamili, nao huwa umezimwa hadi uuwashe. Pengine tundu moja au mawili tu kati ya manne ndiyo yanayomudu 4K kwa hezi 120. Kebo ya zamani hubana kila kitu, na filamu ya intaneti hushuka ubora mtandao ukiwa dhaifu. Ukishapita hapo na upungufu ungalipo, una kesi, na muuzaji hatakuaibisha kwa swali la kebo.

Sasa namba ya modeli. Iandike yote, pamoja na zile herufi za mwishoni ambazo hakuna anayezisoma. Jina moja la biashara huweza kubeba vioo tofauti: ya inchi 55 ina hezi 120, ya inchi 43 katika familia hiyohiyo ina 60, na tangazo likazisifu zote kwa pamoja. Hapo ndipo muuzaji hukuambia sifa uliyoisoma ilikuwa ya kubwa. Kama ukurasa ulioonyeshwa ulikuwa wa runinga yako, hoja hiyo inaanguka, lakini lazima uwe na picha ya ukurasa huo. Kurasa za mauzo hubadilika usiku mmoja. Piga picha ya skrini yenye tarehe, piga picha ya kasha pande zote na ya kadi ya maelezo iliyokaa mbele ya runinga. Kama maongezi na muuzaji yalikuwa kwa ujumbe wa simu, usiyafute.

Utaonyeshwa pia sentensi ya maandishi madogo: "Maelezo yanaweza kubadilika bila taarifa." Mtengenezaji ana uhuru wa kubadilisha bidhaa zake za kesho. Sentensi hiyo haibadilishi ulichoambiwa jana kuhusu kile ulichokilipia jana, na katika nchi nyingi sharti linalomnyima mlaji haki yake ya msingi halina nguvu.

Fundi, waranti, na jibu la "hakuna hitilafu"

Muuzaji atakuelekeza kwa mtengenezaji: "Una waranti, wapigie." Waranti ni ahadi ya ziada ambayo mtengenezaji ameitoa kwa hiari yake na kwa masharti yake, na kwa kawaida inahusu kuharibika. Haki ya bidhaa kulingana na maelezo, chini ya sheria nyingi, inamdai muuzaji, kwa kuwa ndiye uliyefanya naye mkataba na ndiye aliyepokea pesa. Waranti ikiisha, haki hiyo haifi nayo.

Ukikubali kupelekwa kwenye waranti, atakuja fundi. Ataipima, ataandika "hakuna hitilafu", na atakuwa amesema kweli! Runinga haijaharibika. Inafanya kazi kama ilivyoundwa, na tatizo ni kwamba haikuundwa kama ilivyotangazwa. Nimeona watu wakikatishwa tamaa na karatasi ya fundi kana kwamba ni hukumu. Ijibu kwa upole kwamba hukudai hitilafu, ulidai tofauti kati ya maelezo na kifaa, na karatasi hiyo haikugusa hilo.

Kwa sababu hiyohiyo, tiba ya kwanza inayotajwa na sheria nyingi, yaani kutengenezewa, hapa mara nyingi haina maana. Hakuna fundi wa kukigeuza kioo cha 60 kuwa cha 120. Isipokuwa pale upungufu ulipo katika programu, kama sifa iliyoahidiwa kuja kwa sasisho. Agizo la Ulaya la 2019 linawataka wauzaji wa vifaa vyenye programu ndani kuhakikisha masasisho yanatolewa kwa muda ambao mlaji angeutarajia. Kwingineko utabaki na kubadilishiwa, kurudishiwa pesa, au kupunguziwa bei.

Muda una hesabu zake. Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, inampa mnunuzi siku 30 za kuirudisha bidhaa na kupewa pesa zote, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vingine. Ulaya dhamana ya kisheria ni miaka miwili angalau, na dhana hiyo ya kasoro kuwepo tangu mwanzo hudumu mwaka mmoja, au miwili kwa nchi zilizochagua hivyo. Sheria ya walaji ya Australia, iliyoanza tarehe 1 Januari 2011, haitaji idadi ya miaka; inauliza kifaa cha aina hiyo kilitarajiwa kudumu kiasi gani. Katika kesi ya maelezo mnunuzi ana nafuu asiyoifikiria. Ubishi mkubwa wa kasoro za kawaida ni kama zilikuwepo siku ya mauzo au zilisababishwa na matumizi. Kioo hakipotezi hezi kwa kutazamwa. Kama ni 60 leo, kilikuwa 60 ndani ya kasha. Hata hivyo usikae: kukitumia kitu miezi mingi kimya baada ya kugundua upungufu kunaweza kuchukuliwa kwamba umekipokea.

Barua iwe fupi. "Tarehe fulani nilinunua kwenu runinga modeli fulani. Ukurasa wenu, ambao nakala yake nimeambatanisha, ulisema kioo ni cha hezi 120. Mwongozo wa mtengenezaji unasema 60. Bidhaa hailingani na maelezo. Naomba mnibadilishie kwa inayolingana au mnirudishie pesa zote ndani ya siku 14." Hakuna neno "mbaya" humo, wala "mmenitapeli". Umelipa kwa kadi? Benki nyingi zina utaratibu wa kurudisha malipo ambamo "bidhaa si kama ilivyoelezwa" ni sababu inayotambulika, ila utaratibu huo una tarehe yake ya mwisho, basi uanzishe mapema. Baada ya hapo kuna mamlaka za kulinda walaji au za ushindani, na mahakama za madai madogo ambako wakili si lazima.

Mara nyingi kabla ya kufika huko muuzaji atatoa punguzo ili yaishe. Si jambo la kudharau, hasa kama runinga yenyewe unaipenda. Kipimo cha haki ni tofauti kati ya ulicholipa na thamani ya ulichopewa kweli siku ile, si kiasi kinachobaki mfukoni mwake bila kumwuma. Na karatasi ya makubaliano isomwe kabla ya kutia sahihi, kwa sababu mara nyingi huandikwa kwamba mnunuzi hatadai chochote tena kuhusu bidhaa hiyo. Taka iandikwe kwamba punguzo linahusu tofauti ya hezi pekee, ili kioo kikizimika mwaka ujao dai la ubora liwe bado lako.